Aliyekaa Mahali pa Musyoka

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Mimi pombe sijaionja tangu nizaliwe, na siku ile ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalinipata mimi, kwenye ziwa lile lile unaloliona ukisimama kule chini Parkdale, hapa Toronto.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mdogo wangu Musyoka alikuwa na wiki tatu tu Toronto, na Mama alikuwa amemwagiza kitu kimoja: picha yake akiwa katikati ya barafu, awaonyeshe majirani kule Kitui. Barafu ya barabarani haikumtosha kijana huyo. Alitaka ile ya ziwani, inayoelea vipande vipande mwezi wa tatu. Nami kwa kujigamba kwangu nikamwomba Doni, Mzungu tuliyefanya naye kazi kiwanda cha biskuti, atutoe na kiboti chake. Tukaondokea upande wa Pickering, mashariki ya mji: Doni mbele kwenye usukani, mimi nyuma yake, kisha Warundi wawili wa pale kiwandani, Deo na Pascal, na mwisho kabisa, kando ya Deo, Musyoka.

Picha nilimpiga mapema, maji yakiwa yametulia. Kisha upepo ukageuka. Mawimbi yakaja yamebeba mabonge ya barafu, yakawa yanagonga ubavu wa boti kama mtu anayebisha mlango kwa hasira. Nikaanza kusali kwa sauti, sioni haya kusema.

"Brathe, wacha uoga!" Musyoka akanicheka. "Si wewe ndiye mwenyeji huku?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Wimbi lilitufunika sote, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Doni alikuwa anapambana na usukani, hawezi hata kugeuza shingo, ananipigia kelele kwa Kiingereza: "Wahesabu! Wako wote?"

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu Ukambani watu hawahesabiwi. Mama yangu alikuwa hajawahi kumwambia mtu ana watoto wangapi. Ukiwahesabu, unaita mauti yaje kumpunguza mmoja. Mwiko huo nimeunyonya pamoja na maziwa. Kwa hiyo sikuhesabu. Niligeuka tu nikapitisha macho. Pascal, Deo, na kule mwisho mtu ameketi mahali pa Musyoka, amevaa jaketi la kuokolea la Musyoka, kofia ya koti imemfunika hadi puani.

Baridi ilikuwa ya kutoa machozi. Kila mmoja wetu alikuwa anatoa mvuke mdomoni kama sufuria ya chai. Yule hakutoa. Niliangalia mara ya pili. Hakutoa, wala hakutetemeka. Moyo wangu uliniambia waziwazi kwamba yule si ndugu yangu.

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Tupo wote."

Niliogopa, basi. Nilitaka nchi kavu. Nikajidanganya kwamba nikinyamaza, atakuwa yeye. Doni akageuza boti, tukapaacha pale mahali, na sikuangalia nyuma tena.

Gatini walishuka wenzangu watatu. Nikageuka kumpa Musyoka mkono. Kitini palikuwa na jaketi peke yake, limekaa wima, vifungo vyote vimefungwa, limejaa barafu. Deo aliniapia kwamba njia nzima kuna bega lilikuwa linamwegemea, la baridi kuliko maji yenyewe, naye akadhani kijana amechoka.

Walimtafuta kwa helikopta siku mbili. Hajaonekana hadi leo. Polisi waliandika kwamba jaketi lilikuwa kubwa, akachomoka ndani yake. Haya, na nani alilirudisha kitini?

Nilimpigia Mama simu nikamweleza yote, sikuficha hata neno. Kisha mwanamke yule, ambaye hakuwahi kutuhesabu maisha yake yote, akasema taratibu, "Nilizaa saba. Wamebaki watano."

Nikafungua mdomo nimsahihishe kwamba ni sita. Kisha nikaelewa wa pili ni nani, nikaweka simu chini.

Ile picha ilitoka vizuri sana. Musyoka anacheka, mvuke unamtoka mdomoni. Nami kila baridi ikirudi, asubuhi kwenye kituo cha basi, mwisho wa foleni kuna mtu aliyevuta kofia hadi puani, na mbele ya uso wake hakuna mvuke. Basi hilo silipandi. Natembea hadi kazini, nafika nimechelewa, na nimekwisha kuzoea kufokewa.

Mwiko ni mwiko, siutukani. Lakini ukiwa juu ya maji, hesabu watu wako, mmoja mmoja, kwa sauti. Na ukimwona mmoja hapumui, sema hapo hapo. Maji yale humwachia mtu dakika chache tu. Musyoka alikuwa nazo, mimi nikazinyamazia.