Karatasi Mbili za Chumba Kimoja

Wahenga walisema macho hayana pazia. Hawakumjua mke wangu. Ofisini kwao, ofisi ya wasanifu majengo iliyo ghorofani juu ya duka la rangi, wanamwita Pazia, na jina limemkaa mpaka hata kwenye simu yangu nimemwandika hivyo. Kazi yake ni kuamua nini kionekane kwenye mchoro na nini kisionekane, na anaifanya kwa kiburi kidogo ambacho mimi, kwa kuwa nimemuoa, nimekizoea.

Watu hudhani nyumba huchorwa mara moja. Siku hizi nyumba nzima hujengwa kwanza ndani ya kompyuta, na milango yake, madirisha yake na mabomba yake, kisha michoro hutolewa humo: ya kutazama kutoka juu, ya kutazama ukuta kwa mbele, na picha ya kumfurahisha mwenye nyumba. Kipande cha nyumba ni kilekile, ila kila mchoro unakitaka kwa sura yake. Mlango ukiutazama kutoka juu uko wazi, na kando yake upo mstari wa kupinda unaoonyesha ubao utapita wapi. Ukiutazama kwa mbele, umefungwa. Pazia ndiye anayekitengeneza kipande na kukipa amri: hapa jitokeze, hapa jifiche, hapa jionyeshe kwa mistari ya kukatikakatika tu.

Mimi ni fundi ujenzi, na mistari hiyo imeniokoa. Mchoro wa kutoka juu ni kama nyumba iliyokatwa kwa msumeno usawa wa kifua. Kilicho juu ya msumeno hakionekani. Sasa kuna yale madirisha madogo ya chooni, yanayokaa karibu na dari. Ofisi nyingine hunipa ramani isiyo nayo, najenga ukuta mtupu, halafu msanifu anakuja na viatu vyake vinavyong'aa kuniuliza hewa itapita wapi. Ramani za mke wangu hazina mambo hayo. Dirisha la juu limechorwa kwa vistari, nami najua kwamba lipo, ila lipo juu. Nilipomuuliza hayo alijifunza wapi, alicheka. Alisema alijifunza kwa mama yake, fundi cherehani, ambaye chaki yake huchora mstari mzima pa kukata na mstari wa kukatikakatika pa kukunja.

Huyo mama ndiye aliyetuweka roho juu. Aliishi peke yake kwenye vyumba vyake viwili, na tangu aanguke bafuni mke wangu hakupata usingizi wa maana. Tulikubaliana kumjengea chumba ubavuni mwa nyumba yetu. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: mwenyewe hakutaka. Kila tukimgusia alijibu kwamba yeye si mzigo wa kuhamishwa, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Mke wangu alijua kwamba mama akianguka tena hakuna wa kumwinua. Mimi nilijua kwamba likitokea hilo, mke wangu hatajisamehe.

Basi Pazia akafanya anachokijua. Akakijenga chumba chote kwenye kompyuta. Akaweka vyuma vya kushikia kando ya choo na kando ya kitanda, akaondoa kizingiti, akaupanua mlango upitishe kiti cha magurudumu siku kikihitajika. Kisha akatoa karatasi mbili. Yangu ilikuwa ya ujenzi, na kila chuma kilikuwemo. Ya mama ilikuwa picha ya rangi: cherehani dirishani, maua kwenye chungu, na vyuma vyote vimezimwa visionekane.

"Akiviona ataniuliza kama namwandalia wodi," aliniambia. "Ahamie kwanza. Vyuma atavikuta."

Nikamwambia mama yake si mtoto. Akaniambia nishike mwiko wangu, yeye atashika mchoro wake. Nilikasirika, lakini nikamwachia, maana kwa michoro sijawahi kumwona akishindwa.

Jumapili tukaenda. Mama aliipokea picha, akaisogeza kwenye mwanga, akayasifu maua. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza, kwa upole ulionitisha, kama mafundi nao siku hizi wanajengea picha ya maua. Karatasi yangu ilikuwa imekunjwa mfukoni mwa shati, inachungulia. Nikamtazama mke wangu, mke wangu akatazama sakafu. Mkwe ni mkwe, nikaitoa.

Aliitandaza juu ya meza yake ya kukatia na kuipitia kwa kidole, polepole, kama anayekagua mshono. Kidole kikasimama chooni. Kikasimama tena kitandani.

"Kwa fundi umeniwekea vyuma," alisema. "Kwangu umeniwekea maua."

Mke wangu akaanza kueleza kwamba kila mchoro una mtazamaji wake. Mama akamkatiza. Hilo alilijua kabla kompyuta hazijaja, alisema. Bitana, kitambaa cha ndani, nayo haionekani nguo ikishavaliwa, lakini yeye hajawahi kumshonea mtu bitana bila kumwambia. Nikamwona mwanamke anayeweza kuficha ghorofa nzima kwa kidole kimoja akikosa pa kuuficha uso wake. Nilimhurumia, na nilimpenda kuliko siku zote.

"Nisamehe, mama," alisema. "Niliogopa utakataa."

Mama alinyoosha mkono wa kushoto, akachukua chaki. Mimi sikuona ajabu yoyote. Mwanawe aliiona papo hapo, maana amekua akiutazama mkono wa kulia ukishika chaki ile. Mama akaweka karatasi sawa na, kwa mkono usiozoea, akachora mstari wa kukatikakatika upande wa pili wa choo.

"Chuma kihamie huku," alisema. "Huu wa kulia hauna nguvu tangu nianguke. Mficha maradhi kilio humuumbua, mwanangu, na mimi nimewaficha vya kutosha."

Mke wangu alilia, akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu, akaambiwa kwamba hicho ni kola ya mtu. Kisha akafungua kompyuta aliyokuja nayo mkobani, palepale katikati ya vitambaa. Akahamisha chuma. Akaiita ile picha ya rangi na kuviwasha vyuma, kimoja baada ya kingine, mpaka chumba kikawa kilekile ninachokwenda kukijenga. Alipotaka kuyazima maua, mama alimzuia. Maua yabaki, alisema, ila chungu kisikae njiani.

Halafu akaniuliza msingi nachimba lini. Nikamwambia hata kesho.

"Kesho mapema mno, baba," alisema. "Nina gauni la mtu sijalimaliza, na mkono mmoja haukimbii."