Matabishi ya Profesa

Sokoni Kadutu, kule kwetu Bukavu, mteja akinunua maharage makopo kumi, muuzaji humwongezea konzi moja juu. Konzi hiyo tunaiita matabishi. Asiyetoa matabishi hamwoni mteja kesho, na anayetoa mbili hafiki Pasaka. Mimi nilitoa moja, tena ndogo. Nina mikono midogo. Mungu alijua nitafanya biashara gani.

Naanza na maharage kwa sababu neno hilo, matabishi, ndilo pekee nililowahi kumfundisha profesa, na tangu hapo sijui kama nilimsaidia au nilimharibia.

Nilifika Durban mwishoni mwa miaka ya tisini, vita vikiwa vimetutawanya. Nikapata kazi ya kusuka nywele saluni mjini, na chumba cha uani katika nyumba ya zamani huko Glenwood. Mwenye nyumba alikuwa mzee mjane, Myahudi, profesa mstaafu. Tulielewana kwa Kifaransa: chake cha vitabu, changu cha masista wa shule ya msingi. Aliniita Mama. Nilimwita Profesa, ingawa chuo kilikuwa kimeshaacha kumwita chochote.

Baba yake, aliniambia, alitoka Lithuania na kuuza mablanketi kwa wafanyakazi wa bandari, akipanda na kushuka kilima cha Bluff na mzigo begani. Baba alihesabu mablanketi, mtoto akahesabu herufi. Kwa Wayahudi kila herufi ni namba pia, na ipo elimu yao ya siri, Kabbala, ambayo kwayo wenyewe hujumlisha maneno ya Mungu kama sisi tunavyojumlisha debe. Maneno mawili yakitoa jumla moja, wanasema yana undugu. Profesa alikuwa amesoma mambo hayo miaka arobaini. Alizunguka maktaba za Ulaya akinakili miswada ya zamani kwa mkono, akarudi kufundisha hapo chuoni mlimani. Mwaka wake bora alikuwa na wanafunzi kumi na mmoja. Mwaka wa mwisho walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amekosea mlango. Idara ikafungwa, wakampa saa ya ukutani. Wakati huo macho yake yalikuwa hayaoni tena mishale.

Alikuwa anatazama vitu kwa upande, kama kuku. Katikati hakuona, pembeni aliona kidogo. Naye alikuwa na kitabu cha mwisho cha kumaliza, mchapishaji wa ng'ambo akimtaka akitume kabla ya mwaka kwisha. Tukapatana: mimi nimsomee kadi zake na kuhakiki hesabu, yeye apunguze kodi ya chumba. Tulibishana saa nzima juu ya kiasi. Mwishoni alisema hajapata raha kama hiyo tangu mkewe afariki.

Nilihesabu masanduku ya kadi: thelathini na moja. Nikarudia: thelathini. Moja lilikuwa na viatu.

Jumamosi hakufanya kazi, ni sabato yake. Jumapili nilikuwa kanisani hadi mchana. Kwa hiyo siku yetu ilikuwa Jumatatu, saluni inapofungwa. Alinifundisha herufi ishirini na mbili za Kiebrania kwa maumbo: hii ni nyumba isiyo na ukuta mmoja, hii ni mtu amepiga magoti. Sikujua maana ya neno hata moja. Nilijua bei yake tu.

Saluni walinicheka. Mwenzangu mmoja, mama wa Burundi mwenye mdomo kama wembe, aliniuliza mbele ya wateja:

"Dada, huyo mzee wako wa namba, hawezi kukupatia farasi wa kushinda Jumamosi?"

"Angejua farasi angekuwa na gari."

"Basi iko mchawi."

"Angekuwa mchawi angeona."

"Eish! Sasa unamsomea nini?"

Nilirudia kuhesabu misuko ya mteja.

Ilikuwa ni katika Jumatatu hizo ndipo aliponieleza sheria moja ya hesabu hizo. Jumla zikipishana kwa moja, mtu anaruhusiwa kuongeza hiyo moja kwa ajili ya neno lenyewe. Moja tu. Nikaruka kitini: "Matabishi!" Nikamweleza Kadutu, kopo na konzi. Alicheka mpaka akatafuta leso. Jumatatu iliyofuata alikuwa amekwisha kuulizia asili ya neno kwa jirani yake Mreno.

"Ni Kireno, Mama. Maana yake kuua mdudu. Walikuwa wanakunywa pombe kidogo asubuhi kumuua mdudu wa tumbo."

"Kwa hiyo miaka yote nilikuwa nauza dawa ya minyoo."

Tangu siku hiyo aliacha kutumia neno la wataalamu wenzake. Akasema matabishi.

Sura ya sita ndiyo iliyobeba kitabu chote. Katika ujana wake, kwenye maktaba moja ya Ulaya, alikuta mswada ambao mwandishi wake hakuacha jina. Lakini mwishoni mwa mswada kulikuwa na sentensi ya maneno matatu isiyo na maana ya wazi. Profesa aliijumlisha, akakuta inalingana sawasawa na jina kamili la mtu fulani aliyeishi mji huo huo. Miaka mia nne mtu yule alikuwa hana jina, na kijana kutoka Durban, mtoto wa muuza mablanketi, akamrudishia. Hilo ndilo lililompa uprofesa.

Nikajumlisha sentensi kutoka kwenye kadi yake ya ujanani. Nikarudia. Nikaanza kutoka mwisho kuja mwanzo, kama tunavyohesabu noti za mtu tusiyemwamini. Kisha nikaiweka kadi mezani, naye akasikia.

"Imepungua ngapi?"

"Kidogo."

"Kidogo si namba, Mama."

"Nne."

Aliichukua kadi akaiweka pembeni ya jicho, akaigeuzageuza. Hakuona kitu. Nikamweleza: neno la pili, herufi ya tatu, imeandikwa ile ya mguu mrefu, ambayo ni sita. Hesabu ya zamani ilitumia ile fupi inayoning'inia juu, ambayo ni kumi. Tofauti ya herufi hizo ni urefu wa mguu tu. Ama kijana yule alikosea kunakili, ama alikosea kujumlisha.

"Moja naruhusiwa," akasema polepole.

"Moja, sawa. Zimebaki tatu."

"Lakini maneno ni matatu. Kila neno lina haki ya moja."

"Basi tatu. Imebaki moja."

"Na sentensi nzima, yenyewe, haina haki?"

"Inayo!" nikasema. "Nne! Tumeuza, Profesa, funga mzigo."

Nilifurahi kweli. Katika maisha yangu sijaona mtu akijadiliana vizuri hivyo. Lakini yeye hakucheka.

"Unauza kwa urahisi mno," akasema. "Kwa bei hiyo nakuthibitishia kwamba Musa na kiazi ni kitu kimoja. Nimetumia maisha yangu kuwacheka watu wanaofanya hivyo."

Nikamwambia basi tusahau, nilihesabu vibaya, Kifaransa changu kibovu. Akaniuliza kama nimewahi kuhesabu vibaya. Neno likishatoka mdomoni si maharage, hulirudishi kwenye gunia.

Tukaiandikia maktaba ile barua, mimi nikishika kalamu, yeye akitamka. Swali moja: neno la pili, herufi ya tatu, mguu ni mrefu au mfupi? Tukangoja. Kila Jumatatu alinitangulia kwenye sanduku la barua, akipapasa ndani kwa mkono.

Jibu lilikuja wiki ya saba. Akaniambia nisome polepole. Nilisoma kwanza kimya, na nakiri niliwaza mara mbili. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Yeye haoni. Mguu mfupi, ningesema, na hakuna mtu duniani angenikamata.

"Soma, Mama."

Nikasoma. Ukurasa upo, wameandika. Mstari upo. Herufi inayoulizwa haipo. Mdudu ametoboa karatasi mahali hapo, tundu la ukubwa wa dengu, na haijulikani ni lini.

Akageuza kichwa upande, kuielekea karatasi.

"Matabishi," akasema. "Hakuna aliyemuua mdudu huyo."

Siku hiyo hiyo alinitamkia barua kwa mchapishaji: sura ya sita iondolewe, na penye jina la mwandishi wa mswada paandikwe hajulikani. Niliandika. Nilipofika hapo niliuliza kama niongeze neno lolote. Akasema hapana. Nikafunga bahasha, nikalamba stempu.

Kisha akaniomba nihesabu sentensi ile tena.

"Profesa, nimeshahesabu."

"Tena."

Nikachukua kadi, nikaanza kwa sauti, herufi moja moja, neno la kwanza lote. Neno la pili, herufi ya kwanza. Ya pili. Nilipofika ya tatu nikasimama, nikimngoja aniambie ni sita au kumi. Alikuwa amefumba macho, vidole vyake vikiwa juu ya meza tayari kuhesabu, akiningoja mimi.