Breki za Gari la Mama Mkwe

Gereji walimwita Nati, kwa sababu alikuwa mfupi, mgumu, na neno akishalikaza halifunguki kwa spana yoyote. Alikuwa fundi wa breki. Wateja waliuvumilia mdomo wake kwa ajili ya mikono yake. Nyumbani hapakuwa na wa kuuvumilia mdomo, na mikono ndiyo iliyochukiwa zaidi.

Aliyeichukia ni mama mkwe, mjane mrefu, msafi wa kupindukia. Siku ya kwanza alipoona weusi chini ya kucha za mke wa mwanawe, alisema bila kushusha sauti, "Nilimwomba Mungu mkwe, nikaletewa dumu la oili."

"Bora dumu lenye oili, mama," Nati akamjibu. "Debe tupu ndilo linalovuma."

Tangu hapo wakaishi nyumba moja kama paka wawili ndani ya gunia. Mume, fundi cherehani asiyeweza ugomvi, alijifunza kula haraka na kuondoka mezani.

Vita vikubwa zaidi vilikuwa juu ya gari. Marehemu baba mkwe aliacha gari jeupe, na mjane alilitunza kama kaburi. Kila wiki alilimwagia maji, akalisugua hadi likameremeta, kisha akalifunika turubai likiwa bado linachuruzika. Halikuwashwa, halikusogezwa. Nati alipita kando yake kila asubuhi na moyo ukimwasha, kwani alijua kinachoendelea nyuma ya zile rimu zinazong'aa.

Siku moja alishindwa. "Mama, gari likikaa hivi kalipa zitaganda."

"Zita-nini?"

"Kalipa. Lile shavu la chuma linalobana diski ya gurudumu ukikanyaga breki. Lina pini zake za kutelezea. Zikipata maji zikakosa grisi, kutu inazishika. Ukikanyaga inabana, ukiachia haiachii. Nipe siku moja tu. Nifungue magurudumu, nisafishe pini, nipake grisi ya breki, nibadilishe mafuta ya breki. Yale ya humo yameshanyonya maji, ni ya zamani mno."

Mama mkwe alimtazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Gari la mume wangu halishikwi na mikono hiyo. Aliliendesha maisha yake yote, na hukuwepo."

"Aliliendesha, mama. Ndiyo maana lilikuwa zima. Gari haliuawi na safari, linauawa na kukaa."

"Toka mbele yangu."

Nati akatoka. Ila alipofika mlangoni alikula yamini kwamba kuhusu gari lile hatafungua tena kinywa chake, hata liwake moto.

Ikaja siku dada yake mama mkwe akalazwa hospitali ya ng'ambo ya kilima. Mjane akatoa funguo, akamkabidhi mwanawe. Betri ilikuwa imekufa, wakaazima nyingine kwa jirani, na gari likakohoa likawaka. Mama akakaa mbele kwa fahari. Nati akaingia nyuma, maana aliambiwa abebe kapu la mgonjwa.

Hawajafika mbali, gari likaanza kuvuta upande wa kushoto. Mume akawa anaurudisha usukani kila mara. "Limesahau njia," akasema kwa mzaha. Hakuna aliyecheka. Halafu ikaja harufu, ile kali ya pedi za breki zinazoungua, ambayo Nati angeitambua hata usingizini. Kalipa ya mbele kushoto ilikuwa imeshika.

Ulimi ukamfika kwenye meno, akaurudisha. Aliona picha yote, na picha ikampendeza: gari linazimika tambarare pale sokoni, moshi unatoka gurudumuni, mama mkwe anashuka na nguo zake zilizopigwa pasi, watu wanatazama. Acha aumbuke. Nati akageukia dirisha, akatabasamu peke yake.

Lakini sokoni gari halikuzimika. Lilipita likijikokota, likapanda kilima huku linanguruma, likafika juu, likaanza kuteremka. Hapo ndipo tabasamu lilipomkauka. Katika hesabu zake za kisirani alikuwa amekisahau kilima. Joto la gurudumu lile lilikuwa limeshayafikia mafuta ya breki, na mafuta yenye maji yakichemka, pedali inabaki pambo.

"Simamisha gari!" akapiga kelele.

Mume akakanyaga. Mguu ukazama hadi chini kama umekanyaga sponji. "Halishiki! Breki hazipo!"

"Shusha gia! Moja moja, usizime injini! Breki ya mkono, vuta taratibu! Taratibu, nimesema!"

Gari likalia, likapunguza mwendo, lakini haikutosha. Penye kona mume akalielekeza kwenye lundo la kokoto za watengeneza barabara. Likapanda lundo, likaegemea ubavu, likatulia. Kapu la mgonjwa lilikuwa limemwagika lote. Mama mkwe alikuwa ameshika mkono wake wa kulia, kifundo kikiwa kimekaa vibaya. Hakulia.

Kwa hiyo wakafika hospitali wakiwa na mgonjwa wa pili. Kwenye benchi, wakati mama anafungwa plasta, mume akamgeukia mkewe. Mpole yule sauti ilikuwa imebadilika.

"Wewe ni fundi wa breki. Hukusikia harufu?"

Angeweza kudanganya. "Niliisikia," akasema. "Tangu kabla ya soko."

"Ukanyamaza? Na mimi ndiye nashika usukani?"

"Nilitaka mama yako aaibike."

Mume akainuka, akaenda kusimama upande wa pili wa ukumbi. Muda mrefu baadaye bado alikuwa anamjibu mkewe kwa neno moja, na kitanda chao kilikuwa na mpaka katikati.

Jambo ambalo Nati hakulitarajia lilitoka kwa mama mkwe. Walipobaki wawili chumbani pale hospitali, mjane akasema huku anatazama ukuta, "Nilikuona kwenye kioo cha gari ukichekelea."

Nati akaitazama ile plasta.

"Na harufu niliisikia pia. Unadhani ningekuuliza wewe? Bora ningeungua na kiti changu."

"Basi tulitaka kumuua mwanao sote wawili."

"Sote wawili," mama akakubali, kwa chuki ileile.

Gari lilivutwa hadi gereji. Nati akaifungua ile kalipa kwa nyundo na matusi, akakuta pini zimeliwa na kutu na mpira wa kuzuia vumbi umechanika. Akabadilisha, akapaka grisi, akatoa mafuta yote ya breki, yaliyokuwa meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Siku hizi gari linatembea kila wiki, na magurudumu yanafunguliwa kabla hayajalalamika.

Kazi hiyo hufanyika uani, na mama mkwe huileta stuli yake akaketi karibu.

"Huko umesahau kupangusa."

"Mama, hapo hapapanguswi."

"Mchafu wewe."

"Nipitishie kitambaa."

Humpitishia, lakini kwa kukitupa.