Zamu ya Kujenga

Kwetu, mdogo hajengi boma kabla ya mkubwa wake. Hata awe na mamilioni na mkubwa wake hana hata shoka, atasubiri tu. Ndivyo mdogo wangu alivyonisubiri mimi, na kwa kuwa yeye si mtu wa subira, alinisubiri kwa kelele.

Mimi ni muuguzi katika zahanati ya serikali, kwenye ufuo wa ziwa upande wa Seme. Kusema kweli, mimi ndiye zahanati yenyewe. Yupo mwanamke anayefagia na kuandikisha wagonjwa, na yupo mlinzi, lakini anayedunga sindano, anayezalisha na anayeshona vidole vya wavuvi ni mimi. Mdogo wangu alianza kwa kununua omena, wale dagaa wa ziwani, Port Victoria na kuwauza Kisumu, akapata gari, kisha la pili, na sasa ana nyumba za kupangisha Migosi. Sitadai kwamba sikumwonea wivu. Nilipopanda gari lake mara ya kwanza niliegemea kile kiti laini, nikafumba macho, nikajiuliza ni nani aliyenishauri nisomee kazi ya kunusa dawa maisha yangu yote.

Wivu wangu ulikuwa wa kupita. Hasira yake ndiyo iliyokaa. Alikuwa ameamua kugombea uwakilishi wa wadi, na kwetu mwanamume asiye na boma lake hasimami mbele ya wazee kuomba kitu. Kila alipoitisha mkutano, hakukosekana mtu pale nyuma wa kumuuliza kama bado anakula kwa mama yake. Watu walicheka, naye akaja kunimwagia mimi hasira.

"Omera, ndugu yangu, wewe ndio unaniangusha," aliniambia siku moja, amesimama mlangoni mwa zahanati na viatu vyake vinavyong'aa. "Pesa nitatoa mimi. Mabati, mbao, fundi, kila kitu. Wewe ukuje tu na shoka."

"Si pesa," nikamwambia. "Hata nyumba ya udongo ni nyumba. Shida ni siku."

Anayehamia boma jipya hutanguliwa na mzee wa ukoo. Mwenye boma hubeba shoka, mkewe hubeba moto, na mwanawe wa kwanza hubeba jogoo. Nyumba husimama siku hiyo hiyo, na akishalala humo mwenye boma hatoki siku nne. Hatoki kwenda sokoni wala kanisani, na kazini ndiyo kabisa. Sasa nani angefungua zahanati? Nilikuwa nimeomba mtu wa kunishikia nafasi mara nyingi, na kila mara niliambiwa nivute subira. Miaka ikapita hivyo, mvi zikanitoka kichwani, na nyumba yangu ingali ndani ya boma la marehemu baba.

"Unachagua watoto wa watu, mimi unaniacha," akasema.

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Nikamjibu kwa ukali kwamba yeye anataka boma ili apate cheo, si ili apate mahali pa kulala. Hilo nalo lilikuwa kweli. Tukanuniana msimu mzima wa mvua.

Aliyetupatanisha ni mama. Hakutupa mawaidha. Alimtuma tu mke wangu aniambie kwamba angependa kuliona boma langu kabla macho yake hayajafunga kabisa. Mama ana mtoto wa jicho, na mimi muuguzi nilikuwa nimeliona lile wingu likikua. Nikabandika tangazo kwenye mlango wa zahanati kuwaelekeza watu hospitali ya mbali, nikaenda kunoa shoka.

Siku ya kujenga ilikwenda vizuri. Baba mdogo alitangulia. Mke wangu alibeba makaa kwenye sufuria kuukuu, na mwanangu, ambaye yuko chuo na tayari ana ndevu, alimshika jogoo mbali na shati lake jeupe huku shangazi zake wakimcheka. Kufikia jioni vyumba viwili vya udongo vilikuwa vimesimama chini ya mabati. Mama alipapasa ukuta ambao haujakauka, akaukaribia hadi pua ikagusa, akasema ameuona.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango nikakuta akina mama wameketi langoni na watoto wao mapajani. Yule mwanamke wa zahanati alikuwa amelisoma tangazo langu, akaona halina maana, akalibandua. Alikuwa amekuja na mizani, na sanduku la dawa kichwani.

"Daktari, wewe hutoki, sawa," akaniambia. "Lakini hakuna mtu alisema sisi hatuingii."

Tukamgeukia baba mdogo, aliyekuwa amekuja kutuamkia. Alikuna kidevu, akasema mwiko wa namna hiyo hajawahi kuusikia. Basi nikatibu watu pale barazani siku zote nne. Chanjo tu ndizo zilizosubiri, maana friji haibebwi kichwani.

Siku ya pili mdogo wangu alikuja kupima kiwanja chake, akaikuta foleni. Nilimwona akinyoosha kola, tayari kuhutubia. Kabla hajafungua mdomo mwanamke mmoja akamkabidhi mtoto.

"Baba, nishikie huyu, pacha wake anapimwa."

Mtoto hakukawia kumkojolea. Nilidhani atafoka. Badala yake alibaki amemshika, akaitazama foleni ile toka mwanzo hadi mwisho, na aliponisogelea, mama akiwa ameketi karibu nami, sauti yake ilikuwa ile ya utotoni.

"Hawa watu nimewanunulia soda mwaka mzima," akasema. "Hawajawahi kuja kwangu hivi." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Nikipita, kitu ya kwanza ni nesi wa pili. Nakuapia hapa mbele ya mama."

Nilimwamini. Nilimpenda sana siku ile, na shati lake limelowa.

Basi akajenga, tena ghorofa, na lango ambalo lori linapita bila kuinama. Wa kumuuliza anakula wapi hakuwepo tena. Akagombea, akapita. Nesi wa pili hajaja hadi leo. Mdogo wangu hajawa mtu mbaya. Amechonga barabara, amelipa karo za watu, hakosi matanga. Mama naye, ni yeye aliyempeleka mjini akapasuliwa macho, na namshukuru kwa hilo. Nikienda ofisini kwake huniagizia chai kabla sijaketi.

Majuzi nilimkumbusha. Akanishika bega, akatabasamu.

"Omera, wewe mwenyewe unajua. Kila kitu iko na zamu yake. Si mimi nilikungoja?"

Ni kweli, aliningoja, tena miaka mingi. Nilikunywa chai yangu taratibu nikitafuta neno ambalo halitatununisha tena, na sikulipata. Nikamwambia tu kwamba yeye aliningoja akiwa mzima. Kisha nikaaga, kwa sababu nilikuwa nimewaacha wagonjwa kwenye benchi.