Mama Mpole wa Faire-part

Watu wa Kamina wakishajua una kamera na kompyuta, basi umekwisha. Juma lile nilikuwa na picha za harusi za kusafisha, kalenda ya akina mama wa parokia, fulana za msiba mmoja wa upande wa stesheni, na kibao cha famasia ambacho mwenyewe alikuwa ameshanibadilishia rangi ya msalaba mara tatu. Kijani hiki hapana, kile cha jana, hapana, turudi kwenye cha kwanza. Na kila mmoja aliniambia yake ni kazi kidogo tu. Nimelichukia neno hilo, kidogo.

Ndipo ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu, wa mfanyabiashara anayeleta mahindi kutoka Kaniama. Alikuwa anaongea huku anaendesha pikipiki, upepo unapiga, na huku kwangu jenereta ya jirani inanguruma. Nilichosikia ni kwamba nimfanyie faire-part ya mama yake, misa ni Jumamosi saa nne, watoto wote wanakuja. Chini yake picha moja: mama mzee, kitambaa cha kanisa, hana tabasamu. Sauti ilikuwa bado inaendelea, lakini mwenye famasia alikuwa amesimama mlangoni na kijani chake cha nne. Nikaikata.

Kwetu faire-part ni neno moja kwa mambo mawili: karatasi ya kualika harusini na karatasi ya kutangaza kifo. Lakini watoto wakiagiza faire-part ya mama mzee, nani atafikiria harusi? Nikafungua faili yangu ya misiba, yenye mpaka mweusi, msalaba, na maneno niliyoyatumia tangu nianze kazi hii: mama mpole, mwenye upendo, mlezi wa wengi. Nikabadilisha jina, nikaweka picha, nikatuma. Haikuchukua hata nusu saa, na nilijisifu.

Yule mfanyabiashara naye hakuisoma, akaisambaza kwa ukoo wote. Kabla ya saa sita majirani walikuwa wameingia uani kwa mama huyo wakilia, wakamkuta anachekecha unga. Dada yake wa Kinkondja alikuwa ameshaanza safari.

Simu iliyofuata sitaki kuikumbuka yote. "Mama iko muzima," yule mfanyabiashara alisema. "Ni faire-part ya ndoa. Ya ndoa. Picha ya baba si nilikuambia inakuja?"

Wazee hao walioana kwa mahari tu, wakazaa, wakapata wajukuu, na Jumamosi hiyo padri alikuwa aibariki ndoa yao kanisani. Nilimkasirikia yeye na pikipiki yake, nikaikasirikia famasia, nikaikasirikia hata lugha ya Kifaransa. Lakini niliyemkasirikia zaidi ni mimi, niliyeshindwa kusikiliza sauti moja mpaka mwisho. Kumtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa kwetu si jambo la kuchekea. Jioni hiyo nikaambiwa wajomba wanataka ndoa iahirishwe, eti ni alama mbaya.

Asubuhi yake mama mwenyewe akaja studio, peke yake. Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono, akakaa kwenye kiti cha picha za paspoti. Akataka nimsomee ile karatasi, kwa sababu macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Nikasoma: mama mpole, mwenye upendo, mlezi wa wengi.

"Nani alikuambia minyi niko mupole?" akauliza.

Akasema hajawahi kuwa mpole, muulize katekista. Miaka yote, wakati wa komunyo, wenzake wa kikundi cha akina mama wakisimama, yeye alibaki kwenye benchi kwa sababu ndoa yake haikubarikiwa, na kila Jumapili alirudi nyumbani na hasira. Hao wajomba hawajui benchi hilo lilivyo gumu. Alingoja vya kutosha, haahirishi kitu.

"Kama nikikufa mbele ya samedi, utaandika ya kifo," akasema, akimaanisha Jumamosi ya misa. "Leo andika hivi: mama ule wa kubakia ku banc, samedi anasimama."

Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Nikampiga picha mpya, na hata hapo hakutabasamu. Jumamosi alikuwa wa kwanza kwenye mstari wa komunyo, na mimi niliyepiga picha za mamia ya komunyo nilikosa kuona vizuri kwenye kamera kwa sababu ya machozi.

Jumatatu ikaja familia nyingine. Huo ulikuwa msiba wa kweli, na marehemu alikuwa mama mzee pia. Nikafungua faili, nikayafuta yale maneno yangu ya siku zote, nikawauliza mama yao alikuwa mtu wa namna gani. Wakatazamana. Mkubwa wao akaangalia saa.

"Weka tu kama ya bengine," akasema. "Ni kazi kidogo."

Nikamrudisha mama mpole mahali pake.