Jina la Baba Katikati ya Sala

Baba yangu alinukia udongo wa viazi na mafuta ya gari, mazutu. Viazi alivinunua Masereka, milimani kwenye baridi inayouma masikio, akavipakia katika lori la jirani yetu Saidi, wakateremka navyo hadi Beni na mara nyingine hadi Oicha, ambako msitu unaanza na watu hupokea viazi vya milimani kama chakula cha sikukuu. Akirudi nyumbani Butembo nilijitupa kifuani pake kabla hajavua koti, na harufu ile ikanikaa kwenye nywele mpaka mama anioshe kwa nguvu, akilalamika kwamba mtoto wa kike hanuki kama injini. Mimi ndimi Masika, jina la kila binti wa kwanza kwetu Wanande, na kwa cheo hicho nilijiona mwenye haki ya kwanza juu ya koti lile.

Jioni baba aliongoza sala. Tulikuwa Wakatoliki wa kupiga magoti kwelikweli, si wa kuegemea ukuta. Baada ya Baba Yetu na Salamu Maria yalifuata majina. Alianza na walio hai, kutoka kwa mtoto aliyekuwa bado mgongoni, akapanda mpaka kwa bibi, na kwa kila jina tuliitika, "Umulinde." Kisha alivuta pumzi na kuhamia kwa wafu wetu, na hapo tuliitika, "Umupumuzishe." Kuchanganya viitikio hivi lilikuwa kosa kubwa. Mdogo wangu alisinzia siku moja, akamwitikia "Umupumuzishe" bibi aliyekuwa amekaa palepale, na bibi alimkata jicho ambalo hata leo akilikumbuka anajikuna kichwa. Sisi wengine tulibana vicheko mpaka mbavu zikauma. Nilizipenda sala zile kwa sababu ya vicheko hivyo, na kwa sababu ya sauti ya baba, ambayo haikuwa na haraka hata tulipokuwa na njaa.

Uhuru ulikuja nikiwa mdogo mno kuuelewa. Naukumbuka kama ngoma na watu wazima waliokumbatiana barabarani. Uasi wa miaka michache baadaye naukumbuka vizuri zaidi. Waasi waliojiita Simba walipofika pande zetu, barabara zilifungwa, mapadri wakaondoka, mlango wa kanisa ukatiwa kufuli. Baba na Saidi walikuwa njiani, kule ng'ambo ya Beni. Hawakurudi wiki ile, wala mwezi ule. Mama alishika sala mahali pa baba, akamtaja kati ya walio hai, "Kambale," nasi tukaitika kwa nguvu kuliko kwa mtu mwingine yeyote, "Umulinde."

Ndipo alipokuja baba mkubwa Paluku, kaka yake baba, mtu mwema lakini mwepesi wa kufunga mambo. Alikaa, akakataa chakula, akasema, "Mama Masika, ile gari banaiona imeungua kabisa. Mutu aliyetoka hapana. Tumuweke kwa bafu, kwa wafu wetu, tulie kilio, naye apumuzike. Ukiendelea kumuombea ulinzi, donc, basi, unamufungia njia." Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo, na baba mkubwa aliamini hivyo bila ubaya wowote. Lakini mama aliingia katika mtego. Kama mume wake amekufa, kumweka kati ya walio hai ni kumnyima pumziko. Kama yu hai, kumweka kati ya wafu ni kumzika kwa kinywa chake mwenyewe. Jioni ile alifika kwenye jina, midomo ikacheza, sauti isitoke. Akainuka magotini, akaenda jikoni kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Tangu hapo sala ilikoma nyumbani kwetu. Mama hakufanya hata ishara ya msalaba juu ya chakula. Akina mama wa kanisa walikuja mmoja baada ya mwingine kumhimiza aiamshe imani yake. Walimsihi, wakamkemea, wakamkumbusha mateso ya watakatifu, naye aliwapa viti na uji, akawasikiliza kwa adabu, wakaondoka wakinong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mimi niliogopa sana. Kwa akili yangu ya kitoto, Mungu alikuwa na watu wengi wa kuangalia, na baba asipotajwa jioni hata moja angeweza kumpotea kama mbuzi anavyopotea sokoni. Nilijaribu kumtaja peke yangu nikienda kuchota maji. Nilisema jina lake, kisha nikakwama, kwa kuwa sikujua niitike nini.

Mke wa Saidi, Mama Zaina, aliishi ng'ambo ya ua wetu wa matete. Walikuwa Waislamu, na mume wake alipotea katika lori lilelile, lakini mkeka wake haukukosa kutandikwa hata siku moja. Alasiri moja mama alikuwa akichambua maharage uani, nami nikimsaidia, Mama Zaina alipomaliza kuswali na kuanza kukunja mkeka. Kuuliza si ujinga, lakini mama alikuwa na haya, na swali lilimtoka akiwa ameinamia ungo.

"Mama Zaina, ukiomba, Saidi unamuweka wapi? Kwa bazima, kwa benye iko hai, ao kwa bafu?"

"Miye hapana kumuweka, dada. Ninamutaja tu. Kwenye iko, Mungu anamuona."

"Na Mungu unamuambia nini?"

"Ninamuambia: miye hapana kujua. Mais, lakini, ni bwana yangu, umuangalie."

Mama aliacha kuchambua. Alikaa hivyo mpaka kuku wakaanza kudokoa maharage ungoni, na hakuwafukuza; nilifukuza mimi. Kisha akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu baba mkubwa alipokuja, akasema, "Kumbe mutu anaweza kumuambia vile."

Jioni alituita. Alitaja walio hai wote mpaka bibi, akanyamaza, akasema, "Sasa tunafika katikati. Hapa hamutaitika kitu. Mutanyamaza. Mungu yeye ndiye ataitika." Akalitaja jina la baba peke yake, si huku wala kule. Halafu akaanza kusema. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akiomba namna ile. Aliongea Kinande, kwa sauti ya mtu anayeita jirani aliye mlima wa pili. Alimwambia Mungu kwamba mtoto wa mgongoni ameota jino na baba yake hajaliona, kwamba paa linavuja, kwamba amekasirika, na kama Kambale yuko msituni apewe kitu cha kujifunika, na kama amekwisha kufa alazwe karibu na mama yake. Alilia, akajipangusa, akaendelea. Kesho yake alirudia, na kesho kutwa. Hata palizi aliifanya akiongea na Mungu, na bibi akawa anamtania kwamba sasa Mungu atahama mtaa. Nilimpenda mama sana siku zile. Sijui kama aliwahi kuwa mzuri kuliko wakati ule, akiwa ameshika jembe huku anamgombeza Mwenyezi.

Kawia ufike. Mvua zilikuwa zimepungua wakati mtu mwenye ndevu nyingi, bila koti, alipoingia mlangoni mchana mweupe na kuomba maji ya kunywa. Sikumtambua mpaka alipoita jina langu. Nyuma yake alikuja Saidi akichechemea, na upande wa pili wa ua Mama Zaina alipiga vigelegele vilivyotoa watu mashambani. Walikuwa wamelikimbia lori kabla halijachomwa, wakafichwa na wakulima wa msituni mbele ya Oicha. Jioni ile baba alikataa kuongoza sala. Alisema anataka kusikiliza. Mama alitaja walio hai, akanyamaza kwa mazoea, akasema, "Kambale." Nasi, kama tulivyofundishwa, tukakaa kimya kabisa.

"Niko," baba akaitika.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mama alijifunika uso kwa kitenge, na sala yetu ikaishia hapo.

Siku hizi Butembo ina vipaza sauti na semina za kuamsha moto wa maombi. Naenda kwenye semina hizo, napenda nyimbo zao, na vijana huniuliza nifanye nini nisichoke kuomba kwa umri huu. Nawaambia wamweleze Mungu wasilolijua, nao wanangoja niongeze kitu kikubwa zaidi. Pale katikati ya sala, kati ya walio hai na wafu, mama alikuwa na jina moja tu. Mimi, kwa mauaji na utekaji wa siku hizi pande za Beni na Oicha, naletewa na majirani majina ya waliokwenda shambani na hawajarudi, na magoti yananiuma kabla sijafika nusu. Wajukuu huniambia nifupishe. Lakini nilimwona kwa macho yangu mtu akitoka pale katikati, akasimama mlangoni, akaomba maji. Kwa hiyo nayataja yote.