Ng'ombe Aliyebana Maziwa

Mume wangu alirudi kutoka vitani akiwa mzima. Nasema hili mapema ili usinisome roho ikiwa juu. Kukaa roho juu ilikuwa kazi yangu miaka ile, na niliifanya kwa niaba ya watu wote, inatosha. Ninachotaka kusimulia ni habari ya ng'ombe, na jinsi alivyonilazimisha kuujua mwili wangu, mimi niliyedhani naujua kwa kuwa nilikuwa nauogesha kila siku.

Tulikaa mlimani Meru, juu ya Makumira, katikati ya kahawa na migomba. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe wangu aliyekuwa mjane, na binti yangu wa miaka miwili. Mume wangu alichukuliwa na Keya, jeshi la Mwingereza, akapanda lori barabara kuu pamoja na vijana wenzake. Habari ya mwisho tuliyopata ni kwamba wako Burma, wanapigana na Wajapani porini. Burma ni wapi, hakuna aliyejua. Mwalimu wa shule ya misheni alinionyesha kwenye ramani. Nikapima kwa mkono, ikawa mbali kidogo kuliko kiganja kimoja, nikarudi nyumbani nimefarijika. Nilikuwa mjinga, lakini faraja ni faraja.

Ng'ombe hakuwa wetu. Kwetu mlimani mtu mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake mmoja amfugie. Maziwa na samadi ni vya anayefuga, ndama ni wa mwenye mali. Lakini mwenye mali ana haki ya kuja siku yoyote, akaketi, ng'ombe akakamuliwa mbele yake, akanywa. Akiona maziwa ni haba hagombi. Anamfungua ng'ombe wake na kuondoka naye, na kijiji kizima kinajua kwamba pale hapatunzwi. Wa kwetu tulipewa na mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, asiyekuwa na mzaha hata chembe kwenye mambo ya mifugo.

Mwaka ule binti yangu aliugua surua. Alipona, lakini alibaki macho na mifupa. Ndizi hataki, uji hataki, mtori anautema. Kitu pekee alichokubali kumeza kilikuwa maziwa, yachemshwe, yapoe kidogo, nimshike kichwa. Kwa maziwa hayo shavu likaanza kurudi, nikawa namchungulia kila asubuhi kuona limeongezeka kiasi gani. Kwa hiyo yule ng'ombe akiondoka, sikujua mtoto wangu angekula nini.

Sasa basi. Njia ya kutoka barazani kwa Mangi, mtawala wetu wa mlimani, inapita nyuma ya banda letu na kuvuka mfereji juu ya mawe. Tarishi wa Mangi alishuka njia hiyo asubuhi, saa ya kukamua, na viatu vyake vya misumari vilisikika kwenye yale mawe kabla hujamwona. Yeye ndiye aliyeleta barua za jeshini. Za salamu alileta, na zile nyingine alileta pia. Asubuhi moja nilisikia viatu vinakuja, vinapita kwetu, vinaingia kwa jirani yetu wa chini. Haukupita muda nikasikia jirani yangu analia. Mwanawe wa kwanza alikuwa amekufa vitani. Ng'ombe akarusha teke, kibuyu kikamwagika, nikakiacha pale pale nikakimbia kwenda kulia naye.

Tangu siku hiyo ng'ombe akaanza kubana maziwa. Ndama ananyonya kidogo ili yashuke, kama kawaida, namtoa ndama, nashika chuchu, yanatoka matone mawili, basi. Kiwele kimejaa, nakiona kwa macho, lakini hatoi. Nilimbadilishia majani. Nilitembea mpaka bondeni kumtafutia yale mazuri, nikapanda na mzigo kichwani mpaka shingo ikaingia mabegani. Nikamlambisha magadi. Nikawaza kijicho, maana kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimsifia ng'ombe wetu kuliko inavyofaa, na mimi Mkristo wa kipaimara nikawa namkwepa hata kanisani. Mungu anisamehe, yule mama alikuwa anasifia tu.

Mimi mwenyewe nilikuwa na mambo yangu, lakini sikuyaunganisha na ng'ombe hata kidogo. Moyo ulikuwa unanienda mbio nimekaa. Taya zilikuwa zinauma nikiamka. Mlango ukigongwa naruka, sufuria ikianguka naruka, halafu namgombeza aliyeiangusha. Tumbo lilikuwa limekaza hivi kwamba chakula kilikuwa kinaomba ruhusa kupita. Kanisani tuliambiwa wake wa askari tuwe imara, nami nikawa imara kweli kweli, mpaka shingo ikakataa kugeuka.

Kisha nikajikata mundu kwenye kidole. Kidonda kilikuwa kibaya, nikakifunga kitambaa, na kwa siku tatu mama mkwe akakamua badala yangu. Siku ya kwanza akatoka na kibuyu kimejaa mpaka shingoni. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akaniwekea kibuyu mbele yangu, akaniangalia, akasema, "Huyu ng'ombe hana ugonjwa, mwanangu. Labda hakupendi tu." Akaenda zake akicheka.

Nilikasirika, nasema kweli. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Mimi ndiye niliyekata majani, mimi ndiye niliyebeba maji, mimi ndiye niliyezoa mavi yake kila siku ya Mungu, halafu anatoa maziwa kwa bibi kizee anayekuja mikono mitupu. Na yule bibi ni mama wa mtu aliyeko vitani, lakini anakula, anasinzia juani, anacheka na wapita njia. Nilimwona hana moyo. Niliwaza hivyo na wala sikuona haya.

Kidole kilipopona nikarudi bandani nimenuna. Nikamfunga ndama, nikaketi, nikashika chuchu. Ng'ombe akainua kichwa na kukaza mgongo. Nikamtazama vizuri. Sisi watu wa mifugo tunajua kumkagua ng'ombe, hata mtoto anajua. Mnadani hununui kwa kutazama rangi, unaanza kwenye kwato unapanda: miguu inasimamaje, tumbo linapumuaje, mgongo umelegea au umekaza, masikio yanaelekea wapi. Nikamkagua. Mgongo umekaza, masikio yamenielekea mimi. Alikuwa ananiogopa.

Nikajiuliza, ananiona nini? Nikaamua, kwa hasira tu, kujikagua mwenyewe vile vile, kana kwamba ni mimi ninayeuzwa. Nikaanza kwenye kwato. Vidole vya miguu vilikuwa vimekunjwa, vimeshika udongo. Nikapanda. Mapaja yamekaza kama ya mtu anayetaka kusimama. Tumbo limeingizwa ndani. Mabega yako masikioni, na ulimi umegandamana na kaakaa. Pumzi hakuna. Sikuwa napumua, jamani. Nilikuwa nimeizuia, na sikujua nimeizuia tangu lini. Na masikio yangu yalikuwa yanaelekea nyuma, kwenye mawe ya mfereji, yanasubiri viatu.

Ningemwona ng'ombe amesimama hivyo ningesema amesikia harufu ya chui. Nisingempiga. Nisingemwambia awe imara. Ningemzunguka taratibu, nimsemeshe kwa sauti ya chini, nimpapase shingo mpaka ashushe kichwa mwenyewe. Lakini mimi kila siku nilikuwa najipigia kelele moyoni: kaza moyo, wewe mwanamke, kamua. Basi nikaweka paji la uso kwenye ubavu wake, pale penye joto, nikasema polepole, "Naogopa." Lilikuwa neno dogo, na sikuwahi kulisema kwa mtu yeyote. Pumzi ikatoka yenyewe, ndefu, ikanishangaza. Mabega yakafuata. Nilimsikia ng'ombe naye anapumua, tumbo lake linanisukuma kichwa na kunirudisha. Maziwa hayakumwagika kama mvua siku ile, usije ukadhani. Yalifika nusu ya kibuyu. Lakini nusu ile nilimpelekea mwanangu nikiwa nacheka peke yangu njiani.

Ikawa ndiyo desturi yangu. Kabla ya kukamua najikagua, kwato mpaka masikio. Kila mahali nilipokuta pamekaza sikupalazimisha, nilipasemesha tu: haya, nimekuona, uko hapo. Hofu haikuondoka, ingeondokaje na mume wangu yuko Burma? Lakini nikajua inakaa wapi. Inaanza kwenye ulimi, inashuka bega la kushoto, inalala tumboni. Nikaipa na saa yake: nikimaliza kukamua nitatoka, nitatazama njia mpaka nichoke, lakini kwanza mtoto anywe. Siku nyingine ilisikia, siku nyingine haikusikia. Wiki zikapita, kibuyu kikapanda, shavu la mwanangu likapanda nalo, akaanza kuomba ndizi.

Kisha mwenye ng'ombe akaja. Alikuwa amesikia maneno, kijijini maneno hayana miguu lakini yanafika. Alifika asubuhi mapema, nikamwamkia, "Shikamoo, baba," akaitika marahaba, akaketi kwenye kigoda mlangoni mwa banda na kamba mpya mkononi. Alikuja na kamba yake kabisa. Mama mkwe alikuwa ameshika ndama. Mimi nikaosha kiwele, nikaketi, nikajikagua haraka haraka, na maziwa yakaanza kushuka vizuri, povu likapanda.

Ndipo viatu vikagonga kwenye mawe. Moja, mbili, tatu. Nikangoja vipite. Havikupita. Vilisimama kwetu, na sauti ikabisha, "Hodi."

Kila kitu kilirudi mahali pake pa zamani. Ulimi, bega, tumbo. Maziwa yakakatika mkononi mwangu, na ng'ombe akainua mguu. Nikamwona yule mzee anaitazama kamba yake. Ningeweza kukimbia mlangoni, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini barua, kama ni ile, ilikuwa imeshaandikwa, na mtoto wangu hakuwa amekunywa. Nikaweka paji la uso ubavuni. Nikatafuta nyayo zangu, nikazikuta, nikazilaza chini. "Naogopa," nikasema, na sikujali kama mzee ananisikia. Nikaiacha pumzi iende mpaka mwisho wake. Ng'ombe akashusha mguu. Yakashuka tena, nikakamua, hodi ya pili ikaja, nikakamua, mpaka kibuyu kikajaa.

Mzee ndiye aliyemkaribisha tarishi. Kumbe tarishi alikuwa anamtafuta mzee mwenyewe. Alikwenda nyumbani kwa mzee akaambiwa yuko kwetu: mzee anaitwa kwa Mangi, kuna shauri la maji ya mfereji. Basi. Mzee akanywa, akafuta mdomo, akakitazama kibuyu kilichobaki. "Huyu akae," akasema. Akajifunga ile kamba kiunoni akamfuata tarishi, na mimi nikainuka kumpa mama mkwe habari hiyo, kana kwamba hakuisikia mwenyewe.

Alikuwa ameketi chini, kwenye mavi ya ng'ombe, na kitenge chake kizuri. Ndama alikuwa amemponyoka na ananyonya atakavyo. Nikamwambia, "Mama, hakuja kwetu. Wamekwenda. Inuka." Hakuinuka. Alinitazama kama anayenitazama kutoka ng'ambo ya mto. "Miguu sina," akasema. "Akipita yule kijana wa Mangi huwa sina miguu. Huwa nakaa juani kwa sababu siwezi kusimama."

Miaka miwili tulikula chungu kimoja, na nilikuwa nimemkasirikia usingizi wake wa juani. Jinsi alivyoweza kukamua zile siku tatu sikumuuliza. Hofu yangu inakaa mabegani, yake ilikaa miguuni, mikono akaachiwa. Nikaketi pale chini karibu naye, nikazishika nyayo zake kwa viganja vyangu, zilikuwa baridi, nikazibonyeza ardhini.

"Sema tu, Mama," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Kwamba unaogopa."

Akatazama njia kwanza, ahakikishe yule mzee ameshaondoka. Ndipo akalisema neno lile, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na miguu yake ikaanza kutetemeka mikononi mwangu.